Kukaza rodi ya akchueta si tuning

Wasee wa Subaru, leo mtanikasirikia na ni sawa tu.

Unapeleka Forester yako ya turbo kwa fundi, anafungua boneti, anakaza nati ya rodi ya akchueta mizunguko kadhaa, mnaenda kuijaribu, gari inaruka, unalipa. Mnaita hiyo tuning. Mimi naiita kamari, na injini inayochezewa si ya fundi.

Kile kikopo kando ya turbo kina spring na kiwambo cha mpira. Moshi wa eksosi unazungusha turbo, turbo inasukuma hewa kwa injini. Presha ikipanda, kiasi chake kinapita kwa kipaipu hadi kwa kikopo, kinashinda spring, rodi inasukumwa na kimlango kinachoitwa westigeti kinafunguka. Moshi mwingine unapitia hapo bila kuzungusha turbo, busti inatulia. Spring ikiwa ya psi 7, inatulia karibu na hapo. Kompyuta ikitaka zaidi, inatumia solenoidi kupunguza presha inayofika kwa kikopo, lakini kwa hesabu ya petroli na ya plagi.

Ukifupisha rodi, spring inabanwa zaidi na kimlango kinachelewa. Hewa inazidi. Kompyuta inajaribu kufuata, lakini hesabu zake zina mwisho, na ikipita hapo mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda. Pistoni za EJ20 zinajulikana kwa kupasuka pale kwa ringi. Na ile gari kukatika ghafla ukikanyaga, mara nyingi ni kompyuta inakata petroli ijiokoe. Halafu kuna mtu anatafuta vile atazima hiyo kinga. Aki!

"Lakini ya beshte yangu iko sawa." Iko sawa wapi? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Spring haijui hilo. Inapima tu presha imezidi hewa ya nje kwa kiasi gani. Teremka Mombasa na rodi hiyo hiyo: hewa ya nje ni nzito, busti inajumlishwa juu yake, injini inameza hewa nyingi kuliko siku mliyoijaribu Thika Road. Na joto la Pwani juu.

Kama gari imelala, anza na kipaipu kabla ya kushika spana. Kikipasuka upande wa solenoidi busti inaweza kuruka hovyo, kwa sababu kikopo hakipati presha ya kutosha kufungua kimlango. Kipaipu ni bei ya chipo na soda.

Na fundi akishika nati, muulize geji yake ya busti iko wapi. Akisema anasikiza tu na masikio, chukua funguo zako.