Bushi chakavu humla mkulima mfukoni

Mwenye pikapu ya zamani anayesomba tumbaku, mpunga au asali kutoka vijijini kwenda Tabora mjini huulizia bei ya tairi na ya dizeli. Bushi haziulizii. Ni vipande vya mpira vilivyofichika kwenye matundu ya springi za nyuma, na havikumbukwi hadi gari lianze kugonga kila likipita shimo.

Hapo hesabu huwa imeshaharibika. Mpira ukiisha, chuma husuguana na chuma, tundu la springi hupanuka na ekseli huhama kidogo mahali pake. Gari lenye mzigo huyumba, tairi za nyuma huliwa upande. Aliyekwepa gharama ya bushi hujikuta akinunua springi na tairi, tena wakati soko la tumbaku limeshafunguliwa.

Lawama si za mwenye gari peke yake. Katika gereji za chini ya miembe wapo mafundi wanaochonga bushi kutoka tairi kuukuu. Ubunifu huo unasaidia kufika nyumbani, si kumaliza msimu. Wengine hupaka grisi ili kelele ziishe. Zitaisha siku chache, lakini grisi ya kawaida huvimbisha mpira na kuulainisha, ukafa mapema zaidi.

Lipo kosa ambalo hata fundi mzuri hulifanya: kukaza nati hadi mwisho gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Likishushwa, mpira tayari umejipinda, na kila shimo huupinda zaidi mpaka upasuke. Nati zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Mwenye gari asimame pale aone kwa macho yake.

Lami imefika Nzega na Urambo, lakini tumbaku nyingi hulimwa mbali na lami. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora kwa mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Siku hizi kazi hiyo wameachiwa springi, na pikapu moja hubebeshwa mizigo ya msafara mdogo.

Mvua zikiisha, kabla ya safari ya kwanza, fundi aingize mtaimbo kati ya springi na shasi na kusukuma. Ikicheza upande mmoja, bushi zibadilishwe pande zote mbili siku hiyo hiyo.