Kidole Kinachosambaza Nacho Kimo Katika Umati

Ndugu zangu vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wa Ruti na wa mitaa yote ya Mbarara, nawaomba jambo moja: msisambaze shutuma ya mtu yeyote kabla haijathibitishwa. Nawaomba kwa dhati, maana roho za watu zimo mikononi mwenu.

Baadhi ya riwaya za vijana zinazobuni dunia ya kesho iliyoharibika huonyesha umati ukimhukumu mtu kwa simu. Kwetu Afrika Mashariki hilo si la kubuni tena. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiendelea, watu waliweka Facebook picha ya Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, wakamsingizia maovu na kutaja anapoishi. Mwanawe aliiomba Facebook iyaondoe maandishi hayo. Tarehe 3 Novemba profesa akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Desemba 2022 mwanawe alifungua kesi Nairobi dhidi ya Meta, mmiliki wa Facebook. Kudai ni haki yake, lakini baba harudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ni nani aliyemwua? Waliofyatua risasi, bila shaka. Lakini yupo pia aliyeandika, aliyeongeza tusi, na aliyebonyeza tu akapitisha. Kila mmoja atasema hakumgusa. Hapo ndipo ilipo hatari ya simu: hugawa dhambi vipande vidogo hata mtu asikione chake. Umati wa barabarani angalau humwona mtu akilia, na mzee akijitokeza kuukemea huweza kusita. Umati wa simu hauoni machozi, wala hauna mzee.

Nakivale wanaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Ujumbe ulioandikwa huko asubuhi waweza kufika Ruti kabla mtuhumiwa hajashuka kwenye taksi. Atashuka mgeni, hana ndugu wa kumdhamini, pengine hata Kinyankole, lugha ya wenyeji, hakijui. Akiwa ametanguliwa na neno "mwizi" au "mteka watoto", atajitetea kwa lugha gani?

Wako watakaosema: polisi huchelewa, na mwizi aliyekamatwa leo kesho yuko nje. Uchungu huo ni wa kweli, nami siudharau. Aliyeibiwa pikipiki inayolisha watoto wake ana haki ya kukasirika. Lakini tazameni umati humwangukia nani. Haumgusi mwenye fedha na walinzi. Humwangukia maskini, mgeni, mgonjwa wa akili, bibi kizee anayeitwa mchawi. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Tukimnyima kinga hiyo mtuhumiwa mmoja, tumejinyima sote.

Jirani zetu Rwanda, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio RTLM ilitangaza majina ya watu na mahali walipo, nao wakauawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo. Enzi zile kipaza sauti kilikuwa cha wachache. Leo kila mwenye simu anacho chake, na wajibu wake anao.

Basi shutuma ikikufikia, uliza: nani kaona? Lini? Wapi? Usipopata jibu, ikome kwako. Hatari ikiwa ya kweli, ipeleke habari kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), viongozi wa wakimbizi au polisi, si kwa kikundi cha WhatsApp. Nanyi mnaosimamia vikundi, futeni picha ya mtuhumiwa, na aliyeituma mwelezeni sababu. Kurani inaamuru habari ichunguzwe, watu wasije wakadhuriwa bila kujua. Kitabu cha Kutoka kinakataza kueneza uvumi na kuwafuata wengi katika uovu. Tunayoyasikia msikitini na kanisani tuyatende tushikapo simu.

Wengi wenu mlikimbia makwenu kwa sababu mlihukumiwa kwa kabila au kwa jina, hamkusikilizwa. Aliyekimbia hukumu isiyo na kesi asiwe yeye wa kuitoa kwa mwenzake.