Mkaa wa Kopo
Serikali ya Tanzania inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi, na tayari taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Sawa. Lakini mkaa hautawali majiko ya mijini kwa uzuri wake. Unatawala kwa sababu unauzwa kwa kopo. Mama lishe wa Manzese hununua wa leo, akiuza wali hununua wa kesho. Mtungi wa gesi wa kilo 6 haujali umeuza nini: unataka hela yote kwa mkupuo, hata pale ambapo hesabu ya mwezi ingeonyesha gesi ni nafuu. Tena bei ya gunia la mkaa haihesabu mti. Anayeukata mara nyingi halipii kuotesha mwingine, deni tunabaki nalo sote. Kugawa mitungi ya bure mikutanoni, mbele ya kamera, hakutibu tatizo la kulipa kwa mkupuo, maana gesi ikiisha mtungi hugeuka kigoda. Ruzuku ielekezwe kwenye gesi ya mita, inayolipiwa kwa simu kadiri mtu anavyopika. Wizara ya Nishati ianzie hapo.