Kalamu Ipewe Nani?



Nchini Uingereza, nyumba inayotazama vipindi vya televisheni vinaporushwa hewani hudaiwa ada kwa ajili ya BBC, apende mtu asipende. Aprili 2025 ada hiyo ilifikia pauni 174.50 kwa mwaka, na kibarua hulipa sawa na tajiri. Kwa hiyo twaona ni haki walipaji wote wajione katika tamthilia zinazotengenezwa kwa fedha zao.

Mwaka 2020 shirika hilo lilitangaza sharti: tangu Aprili 2021, katika vipindi vipya vinavyoagizwa, angalau asilimia 20 ya watendaji wa nyuma ya kamera watoke katika makundi yaliyozoea kuachwa nje, kama vile watu wa jamii za wachache, wenye ulemavu na waliokulia katika umaskini. Wapo wanaolalamika kwamba sharti la namna hii huua ubora. Hatukubaliani nao, ila twaelewa hofu yao yatoka wapi.

Itazameni Luther, iliyoanza mwaka 2010, ambamo Idris Elba ni mpelelezi wa polisi jijini London. Mwaka 2021 kiongozi mmoja wa BBC aliyehusika na masuala haya alisema mhusika huyo hana uhalisi, kwa kuwa hana marafiki weusi wala hali chakula cha Karibi. Yaani mtu mweusi amegeuzwa orodha ya vyakula! (Na wazazi wa Elba mwenyewe walitoka Sierra Leone na Ghana.)

Katika Small Axe, filamu tano za Steve McQueen za mwaka 2020, chakula cha Karibi kimo pia. Filamu mojawapo yahusu Mangrove, mkahawa wa London uliovamiwa na polisi mara kwa mara, hata watu tisa walioandamana mwaka 1970 kupinga uonevu huo wakashtakiwa. Hapo chakula hakikuwekwa kuthibitisha rangi ya mtu. Ndicho kisa chenyewe. McQueen ni mtoto wa wahamiaji kutoka Karibi, naye aliijua nyumba aliyoisimulia. Vivyo hivyo Jimmy McGovern, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki ya Liverpool, katika Broken ya mwaka 2017 alimwandika padri mwenye majeraha ya utotoni. Sisi makasisi tulijitambua humo, hata pale palipotuuma.

Kazi hizo zote zililitangulia sharti la 2021, nalo haliwezi kujidai kuzizaa. Liwezalo ni kufungua mlango wa chumba cha waandishi. Sharti likitimizwa kwa wapokea simu na wabeba taa, huku kalamu ikibaki mikononi mwa walewale, hesabu itatimia na tamthilia zitabaki zilivyokuwa. Walipa ada waulize basi: kati ya hao waliohesabiwa, ni wangapi waliokabidhiwa kuandika na kuongoza?