Kyela ya mpunga, na watoto wanaolala na chai ya rangi



Ndugu zangu katika imani, hasa nyinyi mlioko Kyela mjini, Ipinda, Matema, Ngonga, Ikolo na huko chini Kajunjumele mpaka Itungi, na nyinyi mlioko Dar na Mbeya mnaokula mchele wetu na kuusifia. Leo maneno yangu ni makali kidogo. Atakayekasirika na akasirike, ila asome mpaka mwisho ndipo ajibu.

Mchele wa Kyela hauhitaji matangazo. Mwenye duka mjini akitaka kuuza mchele wowote haraka anaandika "Kyela" kwenye kibao, hata kama gunia lenyewe halijawahi kuliona Ziwa Nyasa. Sasa toka dukani, ingia nyumbani kwa anayeulima, mwezi wa pili au wa tatu. Utakuta mama anachemsha maji, anatia majani na sukari kidogo, watoto wanakunywa, wanalala. Yaani nyumba imezungukwa na mpunga wa kijani pande zote, na ndani hakuna hata kibaba cha mchele.

Wengine wanasema hiyo ni qadar. Wengine wanasema watu wa huku wavivu. Nitawajibu wote wawili, lakini kwanza tueleze inavyotokea, kwa sababu wanaosema hivyo wanajua vizuri inavyotokea. Baadhi yao ndio wanaofaidika.

Mpunga huku unaingia shambani Desemba na Januari, unavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Wa mwaka jana uliuzwa: ada ya shule, matibabu, deni la jembe la trekta. Ikifika Januari ndani hakuna kitu, na ndio wakati kazi ya shamba inataka nguvu, na mvua zimeanza, na Kyela ni katika sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kiwira na Mbaka zikijaa, njia zinakatika. Hapo ndipo anapokuja mtu na pesa mkononi. Anasema: "Chukua hizi, ukivuna nipe gunia langu."

Tuseme amempa elfu 40. Wakati wa mavuno gunia hilo linauzwa elfu 80. Amempa mwenye njaa 40 akachukua 80 baada ya miezi minne, na anaita hiyo biashara. Na mafuriko yakichukua shamba, anasema: "Basi mwakani gunia mbili."

Ndugu yangu, hiyo "mwakani gunia mbili" ina jina. Ni ile ile riba ya zama za ujahiliya, ya kumwambia mdaiwa ulipe au uongezewe. Katika Suuratul Baqara, baada ya Allah kutangaza vita na wala riba, anaamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Na katika Sahihi Muslim Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ameamrisha malipo ya mazao yaliyopigwa na janga yaondolewe. Wewe unaongeza pale alipoamrisha kuondoa.

Najua jibu lenu. "Shekhe, hiyo ni bei ya salam, imeruhusiwa." Nimeambiwa hivi na watu ambao hawajui hata sharti moja la salam. Ndiyo, salam ipo. Mtume aliwakuta watu wa Madina wanalipia matunda kabla ya mwaka na miaka miwili, akawawekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Bei yote italipwa pale pale. Na deni linakuwa juu ya dhima ya mtu, halifungwi na shamba lake fulani. Mpunga usipopatikana, mnunuzi ana hiari ya kusubiri au kurudishiwa fedha yake ile ile, bila senti ya ziada. Sasa nionyeshe nani kati yenu anayefanya hivyo. Kipimo chenu ni lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu! Shamba mnalitazama kwa macho likiwa kijani, mnasema "hili langu", na Mtume amekataza kuuza zao kabla halijaonekana kukomaa. Na wengine hata neno "nimenunua" hamlitamki, mnasema "nimekukopesha". Basi ukishasema mkopo umekwisha, mkopo wenye kuvuta manufaa kwa mkopeshaji ni riba, fuqahaa hawakutofautiana hapo.

Na huyu mtu tunaswali naye. Mara nyingi yuko safu ya kwanza, nyuma yangu kabisa. Ramadhani ikifika ndiye anayegawa tende, na picha inapigwa: bibi kizee ameshika mfuko, mfadhili anatabasamu. Bibi yule yule aliyeuza gunia lake kwake mwezi wa pili. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, yaani katikati ya njaa yetu. Kwa hiyo tunafuturisha watu kwa mchele ambao wao wenyewe wameshauuza kwetu kwa nusu bei. Subhanallah.

Sasa tuje kwa wanaosema uvivu. Mwanamke wa Kyela anainama kwenye matope tangu alfajiri, mtoto mgongoni, anapanda, anapalilia, anaamia ndege. Ukimwita mvivu, njoo siku moja tu uiname naye mpaka adhuhuri. Takwimu za serikali za mwaka 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na mikoa iliyo juu kabisa ni ipi? Iringa, Njombe, Rukwa: huko ni karibu nusu ya watoto au zaidi. Ni majirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, mikoa inayolisha nchi. Ingekuwa ni uvivu, basi wasingevuna. Wanavuna, kinauzwa, mtoto anabaki na chakula cha aina moja, siku nyingine hakuna. Mtoto hakui kwa wali mtupu. Anahitaji maharage, mboga, karanga, na dagaa wetu hawa usipa ambao Allah ametujaalia ziwani na sisi tunawaanika na kuwapakia kwenye gari karibu wote.

Na kakao nayo. Sisemi kakao ni haramu, imewajengea watu nyumba. Mwaka 2024 bei yake duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na huku watu wakapata hela wasizowahi kuziona. Lakini nimeona migomba inakatwa ili kakao ipate nafasi. Bei ikishuka, na ilishuka, utamchemshia mtoto kakao? Mgomba ulikuwa unalisha nyumba kimya kimya miezi hii hii ya njaa, bila kumpigia mtu hodi. Bakisheni migomba.

Tuje kwenye zaka, maana hapa ndipo wengi wetu tumelala. Waislamu wa Kyela wanajua sana zakatul fitri, kibaba chao wanapima siku ya Idi. Ukiuliza zaka ya mpunga, mtu anakutazama kama umemsemesha Kichina. Na Allah katika Suuratul An'aam ameamrisha haki ya zao itolewe siku ya kuvunwa kwake. Kiwango ni wasaq tano za nafaka safi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mpunga ukiwa bado na maganda unahesabiwa wasaq kumi, ambazo kwa makadirio ya chini ni kama kilo 1,300. Aliyefikisha, shamba lake likiwa la mvua, anatoa sehemu moja ya kumi. Likiwa la kumwagilia kwa gharama, nusu ya hiyo. Maana yake mwenye gunia 20 za mvua, gunia 2 si zake. Mwenye gunia 200, ishirini si zake. Na wapo wenye mia mbili, tunawajua, malori yao yanatuchafulia maji barabarani. Mfanyabiashara asiyelima asijifiche, ana zaka ya biashara, asilimia mbili na nusu ya mali yake yote inayozunguka, mpunga uliomo ghalani ukiwemo.

Hesabuni wenyewe. Zaka hiyo ikitolewa mwezi wa sita na kuwekwa, Februari nani atahitaji kuuza mpunga wa kijani?

Kwa hiyo ninalolisema ni hili: kila msikiti uwe na ghala. Chumba kimoja kikavu kinatosha, msisubiri wafadhili wa nje waje na gari na mabango. Katika Bukhari na Muslim imekuja habari ya Al-Ash'ariyyuun, kabila la Abu Musa. Chakula chao kikipungua safarini au hata mjini, walikuwa wanakusanya walichonacho wote katika nguo moja, kisha wanagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Hebu fikiri, hakuwasifu kwa wingi wa mali, maana chakula kilikuwa kimewaishia. Amewasifu kwa namna walivyokigawana.

Kuna kijana amenitumia ujumbe: "Shekhe, kuweka nafaka si ihtikar?" Swali zuri, kuliko mengi ninayoulizwa humu. Ihtikar iliyolaaniwa ni kuficha chakula ili watu wabanwe na bei ipande. Kuweka ili watu wale siku ya dhiki ni jambo jingine kabisa. Mtume mwenyewe alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Na Nabii Yusuf, alayhis salaam, aliwaelekeza watu wa Misri waache nafaka katika mashuke yake miaka ile saba. Wakulima mnaelewa hekima yake: nafaka iliyo katika ganda hukaa. Nasi tutaweka mpunga, sio mchele. Ukaushwe barabara mpaka unyevu ufike kama asilimia 14, uwekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, maana unyevu wa Kyela hauna mchezo. Maharage tutayanunua mapema kutoka Tukuyu na kuyatia katika ile mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa, wadudu hawatoboi.

Mwingine anasema serikali ina Wakala wa Hifadhi ya Chakula. Ni kweli, na Allah awabariki kwa kazi yao. Lakini ghala la taifa halijui kwamba mjane wa nyumba ya tatu kutoka msikitini hajainjika chungu tangu jana. Na ng'ambo ya Songwe, kwa ndugu zetu wa Malawi, tuliona mwaka 2002: akiba ya taifa ya mahindi ilikuwa imeuzwa, njaa ikaja, watu wakafa. Anayekaa mbali na mlango wako hata akikupenda atachelewa.

Na hili la mwisho litaniletea maneno katika kamati. Kuna msikiti umekusanya fedha mwaka mzima kwa ajili ya marumaru na kuongeza spika. Spika zilizopo zinasikika mpaka ziwani! Wallahi sioni ni adhana ipi ambayo haijatufikia. Khalifa Umar, radhiyallahu anhu, mwaka wa 18 Hijria, ule mwaka wa ukame ulioitwa wa Ramada, alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate, akamwandikia Amr bin Al-Aas alete chakula. Sikumbuki kusoma kwamba mwaka ule aliupamba msikiti.

Utaratibu tunaouanza kwetu ni huu. Mafungu mawili, yasichanganywe: fungu la zaka, la Waislamu wenye kustahiki, na fungu la sadaka, la jirani yeyote mwenye njaa, awe Mmoraviani, Mlutheri au asiye na dini. Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake alikuwa akiuliza, je, mmempelekea jirani yetu Myahudi? Funguo tatu, kwa watu watatu, mmoja wao mwanamke, kwa sababu wanawake ndio wanaojua ni jiko gani halijawaka. Daftari litasomwa mbele ya watu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mizani ni ya kilo na sio debe. Anayehitaji kukopa atapewa mpunga, atarudisha mpunga, kilo kwa kilo, na maji yakichukua shamba lake atasubiriwa. Hakuna picha ya anayepokea. Ukileta gunia lako halafu unataka upigwe picha nalo, simama peke yako ghalani, tutakupiga.

Walio na mikataba ya mpunga wa kijani msimu huu, nawaomba waje baada ya Alasiri, siku yoyote, tuitazame mmoja mmoja. Uliyempa elfu 40 atakurudishia elfu 40 yako. Kama hana, ghala litaangaliwa linaweza kumsaidiaje. Njooni wenyewe kabla ya mavuno, maana majina ninayo na sitaki kuyataja minbarini.

Wabillaahi tawfiiq.