TUSING'OE WAYA WA MITA YA SPIDI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya mita za spidi za pikipiki zetu za zamani.

Ninayo Honda CG 125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Huteremka nayo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Barabara siku hizi ni ya lami, yenye miteremko na kona nyingi. Mwezi uliopita mshale wa mita ulianza kurukaruka: mara 30, mara 70, hali mwendo ni ule ule. Fundi mmoja alinishauri niung'oe waya, akisema, "Mzee, pikipiki haiendeshwi na mshale." Nilikataa.

Waya ule huzungushwa na gurudumu la mbele, nao huzungusha sumaku ndani ya mita. Sumaku ndiyo huvuta mshale. Waya ukikauka grisi, au ganda lake likipindwa mno, hukwama kidogo kisha huachia ghafla. Ndipo mshale unaporuka.

Niliufungua juu na chini, nikauchomoa, nikauosha kwa mafuta ya taa na kuukausha. Nikaupaka grisi kidogo, nikiacha kipande cha juu bila grisi, maana grisi ikipanda ndani ya mita huiharibu. Ncha zake za pembe nne zilikuwa nzima. Zingekuwa zimelika, ningenunua waya mpya. Kazi haikufika saa moja, na mshale umetulia.

Wapo wasemao kuwa dereva mzoefu huujua mwendo kwa mlio wa injini. Lakini wengi wetu huteremka tumeweka frii ili kubana petroli. Hapo injini inanong'ona tu huku pikipiki inakimbia. Utajuaje kwamba umezidisha kilomita 50 kwa saa zinazoruhusiwa penye makazi, na mbele yako watoto wanavuka?

Tena waya huo huo ndio unaohesabu kilomita. Ukiung'oa, hujui lini ubadili oili, na atakayeinunua pikipiki yako hajui imetembea kiasi gani.

Ombi langu kwa mafundi: msitufundishe kung'oa kinachotengenezeka. Na trafiki wanapokagua taa na kofia, waitazame na mita.



Mwenye pikipiki ya zamani,
Mbinga.