Mbao au plastiki: nani anakula hela zetu polepole?

Najua kimya kilikuwa kirefu, mitihani ilitubana koo. Leo nimekuja na mada ambayo wengine mtaona imepotea njia, mwanafunzi wa ualimu na mambo ya ujenzi wapi na wapi. Lakini nivumilieni, mtaona inatuhusu kuliko wale wa uhandisi.

Siku hizi kila ukigusa habari za mazingira utasikia kwamba plastiki iliyorejelezwa ndiyo mkombozi, mbao zimepitwa na wakati. Upande wa pili wako wanaosema hizo ni porojo, plastiki bei yake haishikiki, bora mbao za Mufindi tulizozizoea. Mimi nasema wote wanapiga hesabu nusu. Wa kwanza wanaangalia miaka 20 mbele wakasahau mfuko wa leo. Wa pili wanaangalia mfuko wa leo wakasahau mchwa.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo lenyewe lipo, si hadithi. Kule Nairobi, Lorna Rutto aliacha kazi ya benki akaanzisha EcoPost mwaka 2009, wanageuza taka za plastiki kuwa nguzo za uzio. Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndala kuukuu za rangi zote, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Huko Marekani, mwaka 2009, kambi ya jeshi ya Fort Bragg ilijenga daraja la plastiki iliyorejelezwa na kifaru cha tani karibu 70 kikapita juu yake. Kwa hiyo swali la kama inawezekana limeshajibiwa. Lililobaki ni inagharimu kiasi gani, na nani analipa.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka bei za kwenu. Tuseme shule inataka nguzo 100 za uzio. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa ni shilingi 6,000, kuchimba na kusimamisha 3,000, jumla 9,000. Kwa mchwa wetu hawa tuipe miaka 4. Nguzo iliyotiwa dawa kiwandani tuseme 12,000, ukiongeza kazi 15,000, tuipe miaka 12. Nguzo ya plastiki 22,000, na kazi 25,000. Wauzaji wengi wanakuambia itadumu miaka 40 na zaidi, lakini biashara hii kwetu ilianza juzi tu, hakuna nguzo ya hapa iliyofikisha umri huo tukaiona. Mimi naipa 20, isiseme nimeionea.

Gawa kwa miaka. Isiyo na dawa inakula 2,250 kwa mwaka. Yenye dawa 1,250. Plastiki 1,250.

Mmeona? Plastiki inaipiga mbao mbichi bao la wazi, lakini kwa mbao yenye dawa mechi inaisha sare. Ndiyo maana nachoka na mabishano ya "mbao na plastiki" kana kwamba mbao ni kitu kimoja. Mpinzani halisi wa plastiki ni mbao iliyotunzwa. Ile ya kukata leo na kuchimbia kesho haina hata haki ya kuingia uwanjani, ni hasara ambayo tumeizoea mpaka tunaiona akiba.

Halafu kuna gharama ambazo hazionekani kwenye risiti. Plastiki ni nzito, karibu mara mbili ya mbao ya msonobari kwa ukubwa uleule, kwa hiyo kama kiwanda kiko mbali, nauli ya lori itakukumbusha. Mbao yenye dawa nayo ina lake. Dawa iliyozoeleka sana ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003. Ikisimama kwenye uzio haina neno sana. Hatari ni siku inapong'olewa, maana shule zetu zinapika uji kwa kuni, na nguzo kuukuu ikilala nyuma ya jiko unajua itakapoishia. Moshi wake na majivu yake si vya kuchezea. Plastiki nayo usiichome. Uzuri wake, kama kiwanda kipo karibu unairudisha ikayeyushwa upya. Kama hakipo, umebaki na takataka ndefu.

Sasa msije mkakimbilia kuezeka kwa plastiki. Hapo ndipo mbao inapocheka. Mbao ya msonobari ina ukakamavu karibu mara kumi ya plastiki ya kawaida ya madumu. Halafu plastiki ikibebeshwa mzigo mwaka hadi mwaka inapinda polepole, na ukiutoa mzigo hairudi yote. Kwenye joto inarefuka. Ubao wa mita 3 ukipata tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na saa nane mchana unaweza kuongezeka karibu sentimita moja, wakati wa mti kwa urefu wake haufiki hata milimita. Fundi akipigilia kama alivyozoea, bila kuacha nafasi, utapinda kama nyoka. Na moto ukitokea, mbao nene inaungua taratibu ikijivika mkaa, plastiki inayeyuka na kudondoka. Kenchi za darasa lenye watoto 90? Hapana jamani, hapo mimi simo.

Wazee wa pwani walilijua hili la nguvu ya boriti kabla ya chuo chochote. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya karibu mita tatu. Walikipima chumba kwa mti walionao, hawakuulazimisha mti ufuate chumba. Na sisi tungefanya hivyo: palipo na mchwa, maji ya chumvi na tope, weka plastiki. Uzio, mabenchi ya nje, kingo za bustani, ngazi za gatini. Palipo na mzigo juu ya vichwa vya watu, weka mbao yenye dawa au chuma.

Naingia sasa kwenye kidonda chenyewe, na hapa ndipo nawataka wenzangu wa ualimu. Miaka miwili mitatu ijayo mtu atakukalisha kwenye kamati ya shule, mwalimu mkuu atasema uzio umelala, ng'ombe wanaingia kwenye mahindi ya shule. Mezani kuna hela kidogo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ikabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 hapo ni milioni 6 kabla ya makato, na ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, mlinzi, kila kitu. Nguzo 100 mbichi ni laki 9. Za plastiki ni milioni 2 na nusu. Utamwambia nini mwalimu mkuu? Atanunua za laki 9, na yuko sahihi kabisa kwa hela aliyonayo. Baada ya miaka 4 atanunua tena. Kwa miaka 20 shule itakuwa imetoa milioni 4 na nusu kwa uzio uleule.

Mtasema akope. Haya, akope hiyo tofauti ya milioni 1 na laki 6 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 288,000, wakati uzio mbichi wote ulikuwa unakula 225,000 kwa mwaka. Faida yote imeliwa na riba na bado hajalipa deni. Kwa hiyo mtu anaposimama jukwaani kusema "plastiki ni rahisi kwa muda mrefu" bila kusema nani anatoa hela ya mwanzo, anawadanganya maskini kwa hesabu za matajiri. Muda mrefu ni mali ya mwenye akiba.

Msimamo wangu basi ni huu. Kitu cha miaka 20 kisinunuliwe kwa hela ya mwaka mmoja. Uzio, madawati na paa vilipiwe na halmashauri kwa bajeti ya maendeleo, kwa mkupuo, na zabuni iandike gharama kwa mwaka badala ya bei ya kununulia tu. Muuzaji wa plastiki aseme atadumu miaka mingapi na aweke dhamana kwa maandishi. Muuzaji wa mbao aonyeshe imetiwa dawa kweli, isiwe imepakwa oili chafu ikawa nyeusi tukaridhika. Hapo ndipo ushindani utakuwa wa haki.

Najua kuna atakayesema tukienda kwenye plastiki tunawaua wakulima wa miti wa Njombe na Mufindi. Siamini. Mkulima huyo anaumia zaidi mti aliousubiri miaka unapokwenda kuozea ardhini. Mti wake uende kwenye paa, kwenye milango na madawati, kunakoupa thamani. Na wapo watakaosema plastiki kwenye jua inamenyeka na kuacha vipande vidogo ardhini. Hilo ni kweli, hasa ile isiyowekewa rangi ya kukinga jua, na ndiyo sababu nimeipa miaka 20 tu na nimetaka dhamana.

Nisiwachoshe. Mkienda TP mwaka huu fanyeni jambo moja dogo: muulizeni mwalimu mkuu uzio ule umejengwa mara ngapi tangu afike, na kila mara ilikuwa shilingi ngapi. Gawanyeni kwa miaka, halafu leteni majibu hapa tuyaweke pamoja. Naomba kuwasilisha.